Mimi Si Muungwana Tena

Asubuhi ile nilikuwa nakunja mataulo saluni kwa dada yangu, nusu ya nywele zangu zimesukwa, nusu zimesimama kama nimepigwa shoti. Jumamosi, wateja mpaka mlangoni. Mara draya ikazima na mteja aliyekuwa chini yake akapiga yowe kama anaibiwa.

Akaitwa fundi umeme. Shati la bluu limenyooka pasi, penseli sikioni, ananukia sabuni. Badala ya kuangalia draya akamwangalia dada.

"Fundi, kilichoharibika kile pale. Mimi mzima."

"Nimeona. Aliyeharibika ni mimi."

Saluni nzima ikacheka. Alipomaliza kazi akafagia mpaka vumbi lake mwenyewe, dada akamwambia, "Muungwana wewe!" Kisha akamwaga yale niliyomsimulia jana yake nilipotoka shule. "Unajua zamani muungwana alikuwa mtu huru? Asiye mtumwa wa mtu. Hayo mambo ya tabia nzuri yamekuja baadaye."

Fundi akashika kifua. "Basi mimi si muungwana tena. Kuanzia leo ni mtumwa wako."

Dada akaisha pale pale.

Ikawa simu asubuhi, simu usiku. "Mtumwa wangu, umekula?" "Bado, bibi yangu hajaniruhusu." Dada anacheka mpaka anajifunika mto. Mwishowe fundi akaahidi: Jumapili anakuja na mjomba wake, kujitambulisha nyumbani. Mama akafua mapazia, akaazima viti kwa jirani.

Ijumaa akaja saluni mteja mpya, gauni la njano, kucha ndefu, mdomo haupumziki.

"Shoga, wangu ana maneno huyo! Jana namwambia asante muungwana, si akaniuliza kama najua zamani muungwana alikuwa mtu huru? Eti yeye si muungwana tena..."

Chanuo la dada likasimama.

"Kuanzia leo ni mtumwa wako," dada akamalizia.

"He! Umejuaje?"

"Fundi umeme?"

"Kumbe unamfahamu?"

"Alitutengenezea draya."

Akaendelea kusuka. Alimsuka vizuri, hakumvuta hata unywele mmoja. Mteja alipotoka tu, dada akaingia stoo na simu, akaweka spika. Nilisikia yote, mlango wenyewe pazia.

"Mpenzi, ule ulikuwa utani tu," fundi alikuwa anasema.

"Ungemtania kwa lingine. Maneno yote haya ya Kiswahili, umekosa la kumpa mpaka umchukulie langu?"

"Nisikilize kwanza, mama..."

"Jumapili unakuja au huji?"

"Nitakupigia."

Hakupiga. Jumapili mapazia yalikuwa yananukia jua, viti vya jirani vimepangwa, dada amevaa gauni la zambarau alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Mama akatoka nje kujifanya anaanua nguo. Kulipoanza kuwa giza, dada akaandika, akanipa nimwangalizie kama hajakosea herufi:

"Nimekuachia. Sasa wewe ni muungwana."

Hakukuwa na kosa. Akatuma. Akailaza simu kifudifudi, akaigeuza, akailaza tena. Najua alichokuwa anangoja: fundi aandike kwamba hataki kuwa huru.

Alama zikageuka bluu. Amesoma.

Tukakaa pale, mimi naye, tunaitazama.