Vibao Vitatu vya Mashine ya Zita

Kila asubuhi Zita alichemsha uji wa ulezi, akawanywesha watoto, kisha akaenda kwenye mashine yake. Ilikaa chumba cha uani, nyumbani kwake mtaa wa Kizwite. Ilivuta nailoni, ikajaza unga wa sembe, ikabana na kukata mfuko wa kilo moja. Majirani watatu walipanga mifuko kwenye maboksi, huku wakimsema jirani wa nne.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ya kila aina ikaingia nchini, hata mashine za viwandani. Ili kuinunua mashine hiyo, Timoth, mume wa Zita, aliuza ng'ombe wao wawili wa kulimia. Alimkubalia mkewe, lakini roho ilimuuma.

Siku padri alipokuja kuibariki, mashine ilikuwa na kutu. Kwao, kitu cha kubarikiwa lazima kipendeze. Timoth akachukua brashi na rangi ya kijani, akapaka kila kitu: vyuma, mota, mpaka vibao vidogo vyenye maandishi. Watu wakapiga makofi.

Mwezi wa tisa, mota ya kuvuta nailoni iliungua.

"Mama Monika," Timoth alimwambia mkewe kwa upole, "mvua zikianza mashine bado imelala, naiuza vyuma chakavu. Nanunua ng'ombe. Hatuwezi kulima kwa kucha."

Zita alimwita Dominiko, fundi redio wa Milanzi. Dominiko alipima mota kwa futi, akaenda Tunduma, akarudi na nyingine.

"Mama, hizi ni pacha," alisema.

Kwa umbo, kweli zilikuwa pacha. Ila plagi ya waya mwembamba wa ile mpya ilikataa kuingia. Dominiko akaikata, akachukua plagi ya mota iliyoungua, akaunga nyaya kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu. Walipowasha, mota ilishtuka mara moja, ikagoma. Taa nyekundu ikawaka kwenye draivu, lile sanduku la umeme linaloiendesha mota.

"Wameniuzia mbovu," alisema Dominiko.

Zita aliingiwa na hofu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Mollo.

Herieth, mmoja wa wale majirani waliopanga mifuko, ndiye aliyemtaja Ngeleja. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Zamani alitengeneza mashine kwenye kiwanda cha soda, Mwanza. Alifika na mabuti yenye samadi, akasalimia, akasema, "Zimeni umeme." Kisha akakaa chini.

"Mbona hufungui?" Zita akauliza.

"Draivu ikizimwa, umeme unabaki ndani kwa muda. Tungoje. Chai ipo?"

Chai ilipokwisha, alifungua na kukagua.

"Mota hii ni nzima," alisema. "Na draivu ni nzima."

"Sasa mbona hazifanyi kazi?"

"Hazielewani. Angalia nyuma ya mota, kuna kifaa kidogo. Kazi yake ni kuiambia draivu mota imefika wapi na inazunguka kwa kasi gani. Draivu isipoelewa, haijui ivute nailoni kiasi gani. Inasimamisha kila kitu."

"Lakini zote mbili zina hicho kifaa."

"Zinacho, ila si cha aina moja. Mota ya zamani ina rizolva. Ndani ni nyaya zilizosokotwa, na habari zake zinapanda na kushuka taratibu. Hii nyingine ina enkoda. Hiyo ina kisahani chenye mistari, na mwanga unapita katikati. Habari zake ni washa, zima, washa, zima. Draivu yenu inasoma rizolva tu."

"Na nyaya alizounga Dominiko?"

"Kila kiwanda kina rangi zake. Mngeweza kuunguza vyote viwili. Plagi ikikataa, usiikate. Uliza kwanza."

"Tufanyeje?"

"Mtafute mota yenye rizolva, au draivu inayosoma enkoda hii. Mota ni rahisi zaidi. Ila hata rizolva hazifanani zote. Nataka vibao vitatu: cha mota ya zamani, cha rizolva yake, na cha draivu. Viko wapi?"

Zita akaitazama rangi ya kijani. Timoth, aliyesimama mlangoni, akatazama viatu vyake. Kisha akachuchumaa, akaanza kukwangua kwa kucha.

Maandishi yakatokea. Zita akatoa kitabu cha maelezo ya draivu kwenye sanduku la nguo, chini ya vitenge. Ndani mlikuwa na orodha ya vifaa ambavyo draivu hiyo inavisoma. Namba ya rizolva ilikuwemo. Ya enkoda haikuwemo. Zita akanakili vibao vyote kwenye daftari la mwanawe Monika, herufi kwa herufi.

Safari hii alikwenda Tunduma mwenyewe, na ile mota ya enkoda ili aibadilishe.

"Zote ni zilezile tu, mama," alisema muuzaji.

"Nisomee kibao," alisema Zita.

Mota ya kwanza haikulingana. Ya pili vilevile. Ya tatu ililingana mpaka namba ya mwisho. Muuzaji alinung'unikia plagi iliyokatwa ya mota iliyorudishwa, akataka gunia la maharage kama nyongeza. Zita akatoa.

Ngeleja alipoifunga mota, plagi iliingia yenyewe. Nailoni ikavutwa, mfuko ukakatwa. Zita akapanga mifuko kumi, mmoja juu ya mwingine. Kingo zote zililingana, naye akacheka kwa furaha.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya nne. Timoth aliisikiliza ikipiga bati, na mashine ikiunguruma chumbani.

"Kesho naenda kwa Ngeleja," alisema. "Nikaazime ng'ombe wa kulimia."

Karibu na Krismasi alipaka mashine upya. Kabla ya kuchovya brashi, alibandika karatasi juu ya kila kibao. Padri alikuja, akaitazama.

"Mmepaka vizuri," alisema. "Mbona mmeacha mabaka matatu?"

"Hapo ndipo penye majina yake, Padri," Zita akamjibu. "Hata wewe hubatizi mtoto kabla ya kuambiwa jina."