Maganda Mawili Masikioni

Milango yangu miwili, haina komeo wala pazia, na hata nikilala inabaki wazi. Ni nini? Jibu wewe unayesoma. Usiniambie pua, maana pua ukiwa na mafua inajifunga yenyewe. Ni masikio. Macho yana kope, kinywa kina midomo, lakini sikio halina cha kulifunika. Anayepaswa kulikinga ni wewe, kwa mkono wako. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe alilikinga kwa upuuzi, akamfundisha na mwanawe upuuzi huohuo, na nikikumbuka damu inanichemka.

Huyo mwanawe ni mjukuu wangu. Ana miaka kumi na miwili, na kwa kuwa mdomo wake haupumziki tunamwita Chiriku. Kila siku akitoka shule hupitia kazini kwa baba yake ili warudi nyumbani pamoja. Unashuka ngazi ishirini chini ya jengo la ghorofa, unakuta chumba chenye meza na benchi, kisha milango miwili mizito inayofuatana, kisha ukumbi mrefu wa zege usio na dirisha hata moja. Humo ndimo walinzi wa maduka na ofisi wanamojifunza kulenga shabaha kwa bunduki. Anayewafundisha ni baba Chiriku, nao humwita Mkufunzi. Chiriku huketi kwenye benchi, nje ya ile milango, akifanya hesabu zake, na kila risasi ikilia ndani huuhisi mtikisiko kwenye ubao wa benchi.

Ukutani palitundikwa vifunika masikio, vile vikubwa kama bakuli mbili zilizounganishwa kwa utepe wa kupita juu ya kichwa. Wanafunzi wapya walivivaa. Wakongwe hawakuvivaa. Wao waliokota sakafuni maganda mawili ya risasi, yale ya shaba yanayobaki risasi ikishatoka, wakayasukuma masikioni, basi. Aliyeendelea kuvaa kifunika baada ya mwezi wa pili walimwita bibi harusi, wakamuuliza ametolewa mahari gani. Na mkongwe wa wakongwe alikuwa mwanangu, miaka kumi na minne na maganda yake mawili. Akiulizwa, husema kifunika kinamzuia kusikia maswali ya wanafunzi.

Nyumbani tulikuwa tumechoka naye. Redio aliifungulia mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Ukimwita mara tatu hageuki, ya nne anafoka kwamba wanawake wa nyumba hii wananong'ona. Mkamwana wangu aliacha kumsemesha, akawa anamjibu kwa kukanyaga cherehani kwa nguvu. Mimi nilidhani ni kiburi. Chiriku alidhani baba yake amechoka kumsikiliza, akawa anampunguzia habari za shule siku baada ya siku, yeye mtoto asiyejua kunyamaza.

Jumamosi moja palikuwa na mtihani wa walinzi, na Chiriku akaomba aingie kutazama. Baba yake akafurahi kweli. Akamvisha kifunika, kikateremka mpaka shingoni. Wanaume wakacheka. Basi badala ya kumrudisha binti yake kwenye benchi, akainama, akaokota maganda mawili, akayafuta kwenye shati, akamtia masikioni. Akamwambia sasa na yeye ni mkongwe. Mtoto akajiona amekua.

Walinzi kumi na wawili, risasi sita kila mmoja. Piga hesabu mwenyewe. Uwanjani mlio wa bunduki huenda zake, ukafifia. Ndani ya zege hauna pa kwenda. Unagonga ukuta, unarudi, unagonga dari, unarudi, na kila ukirudi unakukuta umesimama palepale. Chiriku alitoka humo akitabasamu huku filimbi inalia kichwani mwake. Hakusema. Alijua akisema hataruhusiwa kuingia tena.

Jumatatu mwalimu wake akasoma imla, na Chiriku akarudisha daftari lenye nusu ukurasa mtupu. Akaambiwa asimame, hakusimama. Darasa likacheka. Mwalimu akaandika barua kwamba mtoto huyu ana dharau, na mimi nikajifunga kanga nikaenda shuleni nimejaa ugomvi, maana mjukuu wangu ana maneno mengi lakini dharau hana. Mwalimu hakubishana nami. Alimweka Chiriku mbele yetu, mtoto ametugeuzia mgongo, kisha akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Mtoto hakugeuka. Nikamwita mimi. Hakugeuka.

Hasira yangu ikahama mtu. Chiriku alipotueleza habari za maganda na filimbi inayolia tangu Jumamosi, sikumngoja aweke madaftari mkobani. Nilishuka zile ngazi ishirini kama mtu anayefukuzwa. Mwanangu alikuwa anatoka ukumbini na wanafunzi wake nyuma yake, shaba inang'aa masikioni.

"Yatoe hayo maganda," nikamwambia, "ndipo nikutukane vizuri. Sitaki ukose hata neno moja."

Kesho yake tulikwenda hospitali, sisi watatu. Daktari wa masikio alikuwa mama mfupi asiyependa porojo. Alimweka Chiriku ndani ya kijichumba chenye kioo, akampa kitufe: ukisikia sauti, bonyeza. Sauti nene alizisikia. Nyembamba zilipita bila kubonyezwa. Kisha daktari akamwambia baba mtu naye aingie.

Chiriku alisimama karibu na mashine. Kila daktari alipopeleka sauti, taa ndogo ya kijani iliwaka. Iliwaka, mkono wa baba yake ukatulia. Ikawaka tena, mkono ukatulia. Alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi mwema, kidole juu ya kitufe, akingoja sauti ambayo ilikwisha kuja ikapita. Chiriku alihesabu taa tisa, halafu akaacha kuhesabu, akauma mdomo.

Daktari hakumwonea huruma. Alisema ganda la shaba si kinga, ni pambo. Anayepiga bunduki ndani ya nyumba avae vyote viwili: kizibo cha sponji ndani ya sikio na kifunika juu yake. Kizibo unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio kwa juu, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Unavaa kabla ya kufungua mlango, huvui mpaka umetoka. Na mtoto ambaye kifunika hakimtoshi haingii.

"Kilichokufa ndani ya sikio lako hakifufuki," akamwambia, akikaza sauti. "Cha mtoto huenda kimezimia tu. Mleteni baada ya wiki mbili."

Kwenye ujia, Chiriku alimzuia baba yake njia.

"Baba, ulijua kwamba husikii?"

Chiriku akarudia kwa sauti kubwa mpaka wagonjwa kwenye mabenchi wakageuka. Baba yake akatazama viatu. Alikuwa amesikia, nimemzaa mimi, namjua. Chiriku akatangulia nje, na kwa wiki mbili hakumpa baba yake hata salamu.

Mwanangu alirudi kazini, akafagia maganda yote, akayafungia sandukuni. Akaweka sharti kwamba hakuna anayevuka mlango wa kwanza bila kizibo na kifunika, kuanzia yeye mwenyewe. Maswali na amri vikawa vya mikono: mkono juu ni ngoja, ngumi ni acha kupiga. Wakongwe wakamwita bibi harusi. Mmoja aliyekataa kuvaa alimpandisha ngazi mpaka nje, akamfutia mtihani, na kicheko kikaishia hapo.

Wiki mbili zilipotimia, Chiriku alibonyeza kitufe kwa kila sauti, nene na nyembamba. Nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

"Umepona kwa bahati," daktari akamwambia, "na bahati usiitegemee mara ya pili. Sikio likilia filimbi linaomba msaada. Wewe ulilificha siku mbili ili usikatazwe kuingia. Siku nyingine mwambie mtu mzima saa ileile, hata kama mtu mzima huyo ndiye aliyekosea."

Tulipofika kwenye ngazi za kutokea, mwanangu akasimama. Akamgeuza binti yake kwa mabega ili aone uso wake.

"Nilijua," akasema. "Mwaka wa tatu sasa. Ulipokuwa unanisimulia mambo ya shule, nilikuwa natazama midomo yako, nacheka ukicheka. Niliona haya kusema."