Aliyeitikia Kitanda cha Juu

Bweni la wasichana pale chuo cha ufundi, Voi, lina maneno, we acha tu! Wa upishi, eti wananuka kitunguu. Wa ususi, eti hawalali bila kioo. Wa umeme, eti hawaogopi kitu. Na Wakio, binti kutoka Chawia, alikuwa wa umeme. Ikambidi asiogope.

Jua lilikuwa linazama akirudi na mtungi wake wa maji, mbio mbio. Saa moja kamili Matroni Teresia huita majina, na Valentine wa upishi, rafiki yake anayelala kitanda cha juu ya chake, hakuwepo. Alikuwa kwao Bomeni, akimuuguza mamake. Usipoitika siku tatu, kitanda unanyang'anywa, na Valentine hakuwa na pengine pa kulala.

"Niitikie tu, dada," alikuwa ameomba.

Siku mbili Wakio alimwitikia. Alibana pua, akalainisha sauti, wenzake wakazima vicheko kwa blanketi. Kwani nani hajawahi kumwitikia mwenzake? Nzembi pekee, wa mwaka wa mwisho, hakucheka.

"Mara ya tatu usithubutu," alinong'ona. "Humu kuna anayesikiliza. Akishaishika sauti..."

"Toka hapa na ushamba wako!" Wakio akamwambia.

Jioni hiyo ya tatu, stima ikapotea. Matroni akasimama mlangoni, akamulika daftari kwa tochi.

"Valentine?"

Wakio akabana pua. Akafungua mdomo...

"Nipo, Matroni."

Hakuwa yeye.

Sauti ilitoka kitanda cha juu. Wala haikuwa ya Valentine. Ilikuwa ile ya kubana pua, aliyoibuni Wakio mwenyewe. Mbao zikalia, kwiii... Ikashuka harufu ya udongo mbichi.

Simu yake ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Valentine: *Umeniitikia? Bado niko kwa mama.*

"Wakio?" Matroni akaita.

Alitaka kupiga mayowe. Jamani, alitaka! Pumzi tupu ikatoka.

"Nipo, Matroni."

Juu yake. Sauti yake mwenyewe, safi kabisa.

Matroni akatia alama, akaenda zake.

Valentine alirudi Ijumaa, akakikuta kitanda chake, akamkumbatia Wakio kwa furaha. Wakio akamwandikia yote kwenye karatasi. Valentine akacheka hadi machozi.

"Wewe, mtu wa umeme! Eti umepoteza sauti? Si wenzetu wanasema unaitika kila jioni, wote wanakusikia?"

Hilo ndilo linalomtesa Wakio hadi leo. Daktari haoni ugonjwa, na wenzake wanasema anajishaua.

Juzi mamake Valentine alizidiwa tena. Valentine alikuwa ameinama, anafunga zipu ya begi.

"Niitikie tena, dada. Siku tatu tu."

Wakio akamshika mkono, akatikisa kichwa kwa nguvu. Hapana. Hapana!

Valentine hata hakuinua macho.

"Sawa," kitanda cha juu kikajibu. "Nenda tu."