Kisigino Alichotafuna Soli

Asubuhi ile nyumba ya fundi viatu ilikuwa imetulia. Mke wake alikuwa jikoni, anakata karoti zilizochemshwa na kuzipuliza zipoe. Miguuni pake alikaa mtoto wa mbwa, macho yote kwenye kisu, mkia ukifagia sakafu. Walimwita Soli kwa sababu ya rangi yake, kama soli ya kiatu kipya. Binti yao, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari, alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Mama, unamlisha kama mjukuu wako."

"Wewe niletee mjukuu sasa hivi uone kitakachokupata," mama akajibu, wakacheka wote wawili.

Kisha kisu kikaanguka. Mama alishika kifua, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Fundi na majirani walimbeba kumkimbiza hospitali. Jioni fundi alirudi peke yake. Karoti zilikuwa bado mezani, zimeanza kukauka.

Watu walijaa, wakalia naye, wakaondoka. Viti vya kuazima vikarudishwa. Hapo ndipo ukimya ulipoingia nyumbani ukajifanya mwenyeji.

Fundi alirudi kwenye chumba cha mbele alichokigeuza duka, akainamia viatu vya watu. Binti akitoka shule aliketi kwenye kigoda karibu naye.

"Baba, mama alisema nini mkiwa njiani siku ile?"

Fundi alivuta uzi wa kiatu. "Kuna soda kwenye friji, mwanangu. Kachukue."

Binti alikwenda kuchukua soda. Kesho yake aliuliza tena, akaambiwa kuna biskuti.

Soli naye alikuwa analia. Meno yalikuwa yanaota, ufizi unamsumbua. Mama alikuwa akimpa kitambaa safi kilicholowekwa na kugandishwa, au pete laini ya mpira aliyoinunua duka la dawa za mifugo. Pete hiyo Soli alipoitoboa, mama aliitupa mwenyewe asije akameza vipande, akasema atamletea nyingine. Hakuwahi.

Kilio kile kilimkera fundi kuliko kelele za nyundo. Siku moja akaokota kisigino cha zamani alichokibandua, akakitupa chini. "Tafuna hicho, uniache."

Soli akanyamaza. Ndugu zangu, fundi aliona amepata dawa. Tangu hapo kila mbwa alipolia alipewa kitu: ukanda wa ngozi wenye gundi, ulimi wa kiatu, kisigino kingine. Wateja nao wakachangia mifupa ya kuku iliyokaangwa, na peremende.

"Fundi, huyu mwanafunzi wako anachapa kazi kuliko wewe!" alisema muuza magazeti.

"Na hana domo kama lako," fundi akajibu. Watu wakageuka kumtazama, maana tangu mazishi hawakuwa wamemsikia akitania.

Binti peke yake hakucheka. "Baba, mama alikuwa anajaribu kwanza kwa ukucha. Kitu kikiwa kigumu hata ukucha hauachi alama, hampi. Na mfupa uliopikwa unavunjika, unachoma ndani."

"Mbwa ni mbwa. Babu zake walikula mifupa."

"Babu zake hawakula viatu."

"Haya, chukua soda."

"Sitaki soda, baba."

"Basi kaa kimya."

Haukupita muda, Soli akasusa chakula. Alijikunyata kando ya mlango wa jikoni, mgongo umepinda, akitapika mapovu. Karoti alizochemsha binti alizinusa tu, akageuza kichwa.

"Baba, anaumwa."

Fundi aliweka nyundo chini, akamtazama mbwa. Kwenye mlango ule ule ndipo mkewe alipokuwa akisimama.

"Haumwi," alisema polepole. "Anamkumbuka mama yako. Hata mimi chakula hakipiti."

Lilikuwa jambo la kwanza alilosema juu ya marehemu tangu wamzike. Maneno aliyoyasubiri binti yalikuwa yamekuja, na hakuwa tayari kuyapinga. Akaketi sakafuni, Soli katikati yao, akauliza tena lile swali lake.

"Alisema usichelewe shule," baba akajibu, machozi yakimtiririka.

Wakamzungumzia mama mpaka jioni: alivyokuwa akiimba vibaya, alivyowatania wateja wenye vidole vikubwa. Wakampapasa Soli kichwani, wakimwambia ajikaze, yatapita. Na yeye, kiumbe wa watu, alikuwa anakufa mikononi mwao huku wakimfariji.

Kulipokucha hakuweza kusimama. Fundi alimfunga ndani ya koti lake, wakaenda mbio kwa daktari wa mifugo. Daktari alimbonyeza tumbo, akamwingiza chumba cha ndani.

Alipotoka alikuwa amebeba sahani ya bati. Juu yake kulikuwa na vibanzi vya mfupa, na kipande cha mpira chenye msumari mdogo.

"Mzee wangu, utumbo ulikuwa umeziba na kutoboka. Nimejaribu. Mngemleta jana, pengine."

"Nilidhani ana huzuni," fundi alisema.

"Huzuni haitapishi hivi."

Fundi alikichukua kipande kile, akakigeuza. Ukingo mmoja ulikuwa umekatwa mshazari, kwa mkono unaovuta kisu kuelekea kushoto. Mtaani hakuna aliyekata hivyo ila yeye.

Njiani binti aliuliza, "Kwa hiyo hakuwa anamlilia mama?"

"Hakuwa."

"Jana tulipokuwa tukiongea, yeye alikuwa anaumwa tu?"

Fundi alimpa hela. "Kanunue soda, mwanangu."

FUNZO

Wazazi na walezi wenzangu, kumnyamazisha anayelia si kumtunza. Aliyepewa kitu ili aache kusumbua ameachwa peke yake na shida yake, awe mtoto au mnyama.

Kama mmemchukua mtoto wa mbwa, mpeni vitu vinavyomfaa: karoti au boga lililochemshwa bila chumvi wala kitunguu, nyama iliyoiva isiyo na mfupa, tena kidogo. Kitu cha kutafuna kiwe laini kiasi cha kubonyea, kikubwa asiweze kukimeza, na kikianza kumeguka mkitupe. Mifupa iliyopikwa, peremende, chokoleti, viatu na vipande vyake viwe mbali naye. Akikataa chakula na kutapika, msikae kumtafutia maana. Mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na wenye msiba, zungumzeni mapema. Msingoje mpaka mpate mgonjwa wa kuzungumzia juu ya mgongo wake.

Fundi bado anashona viatu katika chumba kile cha mbele. Binti yake, akitoka shule, huingia kwa mlango wa nyuma, asipite dukani.