Mzula wa Ezron

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Siku ile iliwashukia wote sokoni kwa pamoja, wauza ndizi, wauza maparachichi na wanunuzi wao, na Ikupa akajikuta amekimbilia chini ya turubai la muuza mitumba, mtu ambaye kwa kazi yake alipaswa kumchukia. Ikupa alikuwa fundi cherehani pale Ibighi. Tangu soko huria lilipoanza kutumiminia mabelo ya makoti ya Ulaya, wateja waliombakia ni mabibi harusi na watoto wa shule.

"Dada, chagua koti. Unatetemeka."

Muuzaji alikuwa kijana mrefu, sweta la kijani, kola ya shati imepigwa pasi ikakaa, na mzula mweusi umeshuka mpaka masikioni. Kwa baridi ile hakuna aliyeushangaa mzula. Ikupa akavuta koti jekundu.

"Hilo usichukue," kijana akasema. "Kwapani limeachia. Utagundua ukishafika nyumbani."

"Muuzaji gani anaponda mali yake?"

"Anayetaka mteja arudi."

"Nyie wa mitumba mmetuua mafundi, halafu mnajifanya waaminifu."

"Basi lishone hilo kwapa, liwe lako."

Akalishona, akalivaa, akarudi kuonyesha. Akarudi tena bila sababu ya kueleweka. Kijana aliitwa Ezron, mtu wa Kyimo, na ilipofika Krismasi mapenzi yalikuwa yamekolea mpaka muumini mwenzao yeyote angeweza kuyanusa kutoka benchi la nyuma.

Ezron alikuwa mtu wa tahadhari. Belo huwezi kulifungua kabla hujalinunua, kwa hiyo hakununua kwa tajiri yeyote bila kuwatafuta kwanza waliokwisha kununua kwake, akawauliza walikuta nini ndani.

"Na mimi uliniulizia kwa nani?" Ikupa akamtania.

"Kwa wateja wako. Wote wanakusifu. Mmoja tu alisema unachelewesha nguo."

"Nani huyo? Gauni lake silimalizi mpaka mwakani."

Posa ikapelekwa, ikapokewa. Mchungaji akasema ndoa yao itaanza kutangazwa mara tu baada ya Pentekoste, na wao watasimama mbele ya usharika. Hapo ndipo Ezron alipobadilika. Jumapili akawa haonekani kanisani. Siku moja akasema, macho yakiwa kwenye suruali aliyokuwa anaikunja, "Kipenzi, hilo tangazo tulisogeze mbele kidogo."

"Kwa nini?"

"Kidogo tu."

Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia Tukuyu, na wapenzi wa mji mzima walikuwa wanabipiana. Ikupa akabipu, hakupigiwa. Akanunua vocha akapiga mwenyewe.

"Uko wapi, Ezron?"

"Mbeya. Nafuata mzigo."

"Na huyo mwanamke anayecheka hapo naye ni mzigo?"

"Nitakueleza nikirudi, mpenzi wangu, nakuomba..."

Vocha ikaisha. Jioni hiyohiyo akaja Shamsia, muuza vitenge, jirani yake Ezron sokoni, kupima gauni lake la Idi.

"Shoga, mimi sipendi umbea," akaanza, kama waanzavyo wote wanaoupenda. "Nimemwona Ezron wako kule Mbeya, Mwanjelwa, kwenye kibaraza cha saluni. Mwanamke kavua kilemba, na yeye anampapasa kichwa. Mchana kweupe."

Ikupa akaendelea kupima kiuno cha Shamsia, lakini namba alizozisoma hakuziona. Aliumia sana. Usiku hakulala, na asubuhi akalikunja koti jekundu, akaenda nalo sokoni.

"Shika koti lako. Ulisema kasoro nitaigundua nikishafika nyumbani. Nimeigundua."

Ezron akamtazama, kisha akamshika mkono, akampeleka nyuma ya mabelo. Hakujitetea. Aliuvua mzula.

Nywele zilikuwa zimenyonyoka mabaka mabaka, ya mviringo, makubwa kuliko shilingi, na ngozi yake ilikuwa laini kabisa.

"Zilianza mwaka jana, kabaka kamoja tu, nikawa nakaficha chini ya nywele nikija kanisani. Sasa ni hivi," akasema. "Kanisani mwanamume anavua kofia. Tungesimama mbele ya watu wote, na unajua wangesema nini."

Ikupa alijua. Miaka ile kijana akikonda kidogo au nywele zikimnyonyoka, watu walimzika kwa midomo yao kabla hajaugua.

"Umepima?"

"Nimepima. Niko mzima. Nikapima tena, bado niko mzima."

Ikupa akakaa juu ya belo. Lakini hakuwa amesahau.

"Na yule mwanamke wa kibarazani?"

"Ile saluni inatangaza dawa ya kuotesha nywele. Ukutani wamebandika picha, kabla na baada. Nikaomba wanionyeshe mtu mmoja wa kwenye picha, hawana. Nikakaa nje mpaka akapita aliyepakwa dawa yao. Akavua kilemba akaniambia gusa mwenyewe. Ameungua, Ikupa. Nikamwonyesha na changu, tukaishia kucheka."

"Kwa hiyo umeachana nao."

"Nao, na mwingine anayejiita daktari, kapanga chumba cha gesti, anachoma watu sindano kichwani. Nilimwuliza amesomea wapi, akasema nisimpotezee muda. Aliyebaki ni daktari wa ngozi wa hospitali. Nimeongea na wawili aliowatibu. Mmoja zimerudi, mwingine hazikurudi zote. Wote wanasema aliwaambia ukweli tangu mwanzo."

"Basi huyo huyo. Unamwona lini?"

"Sijaomba siku."

"Unangoja nini?"

Ezron akaukunjakunja mzula mikononi. "Wale wengine niliogopa watanidanganya. Huyu naogopa atasema kweli."

Ikupa alitaka kumpiga na koti, akajikuta analia, halafu anacheka.

"Kichwa chako umekiulizia Mbeya nzima. Mimi tu ndiye hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa. Zisiporudi, utanitaka?"

"Nilikupenda ukiwa na mzula, sijui chini yake kuna nini. Toa simu, upige hospitali nikiwa hapa."

Walikwenda pamoja. Daktari alikuwa mama mtu mzima, hakuwa na haraka. Alikikagua kichwa, akauliza maswali, akasema ugonjwa ule hauambukizi, mara nyingi nywele hurudi, lakini kuahidi hawezi. Atampa dawa ya kupaka, wataonana tena baada ya miezi michache. Ezron akatoka nje akavuta pumzi ndefu. Sijawahi kuona mtu anayefurahi hivyo kwa kunyimwa ahadi.

Jumapili ya tangazo, mlangoni mwa kanisa, akauvua mzula, akampa Ikupa, naye akautia mkobani. Wakasimama mbele. Minong'ono ikapita mabenchini, Ezron akakaza macho kwenye viatu vyake. Mchungaji akawataja majina, akauliza kama yupo mwenye neno.

Benchi la akina mama likalia. Aliyesimama alikuwa mama yake Ezron, aliyefika asubuhi ile kutoka Kyimo.

"Neno ninalo," mama akasema kwa lafudhi yake ya Kyimo. "Ninyi mnaonong'ona. Baba yake zilidondoka hivyo hivyo mwaka aliponioa. Zililudi zote. Na zisingeludi, bado alikuwa mume wangu."

Kanisa likaangua kicheko, mchungaji naye. Ezron akageuka, mdomo wazi.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuja nyumbani na kofia, ukaondoka na kofia," mama akasema, anakaa. "Hukuniuliza."