Basi la Familia ya Puma Liliniacha Chinchero

Basi langu liliondoka huku naliona!

Nilitoka choo cha soko pale Chinchero nikiwa bado nafunga mkanda. Nikakimbia, nikapiga kelele... wapi! Likakata kona, likashika barabara ya Cusco.

Na pale mbele, kwenye kiti changu, maiki yangu mkononi, nilimwona Yanet.

Yanet! Mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka saba.

Ngoja niwaeleze, wapendwa.

Naitwa Leonor. Natembeza watalii, mwaka wa kumi na tisa huu. Asubuhi soko la Pisac, mchana chakula Urubamba, kisha magofu ya Ollantaytambo, tunamalizia Chinchero kwa wafumaji. Huku kwetu kila kundi tunalipatia jina la familia, lisipotelee kwenye umati. Siku ile walikuwa Familia ya Puma. Kutwa nzima koo linakauka: "Familia! Familia ya Puma, huku!"

Jioni nikirudi nyumbani, familia yangu ni sahani mbili. Yangu na ya Yanet.

Siku ile nilikuwa namfundisha kazi. Kule Ollantaytambo nikampa maiki, akawaeleza jinsi wazee wetu walivyoburuta yale mawe kutoka ng'ambo ya mto. Wageni wakapiga makofi. Mimi mara ya mwisho kupigiwa makofi hata sikumbuki. Niliumia kidogo, sitaki kuwadanganya.

Sasa nimesimama katikati ya soko, simu imo kwenye basi, koti limo kwenye basi, upepo wa Chinchero unapenya hadi kwenye mifupa. Mfumaji mmoja, Bi Eufrasia, alikuwa anakunja mashali yake.

"We Leonor, mbona uko peke yako?"

"Basi limeniacha."

"Nani kaliondoa?"

"Yanet."

Akacheka, mama yule!

"Shoga, msichana mbichi, sauti tamu, maiki anayo... wewe wa nini tena? Ndo ushastaafishwa hivyo!"

Maneno yale yaliniingia kama sindano.

Nikapata gari dogo la abiria, nikabanwa kati ya magunia ya viazi. Njia nzima naongea peke yangu. Nimemlisha. Nimemsomesha. Nimekataa kuolewa kwa ajili yake... halafu ananiacha njiani kama mfuko mtupu!

Tulipofika Cusco, basi ndio kwanza linashusha wageni. Wote wanapiga picha na Yanet. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mimi niko wapi. Hata mmoja!

Yanet aliponiona nje ya basi, akaduwaa.

"Mamdogo? Umetokea wapi?"

"Usiniite mamdogo! Mwizi mkubwa we!"

"Mamdogo, nisikilize..."

"Mama yako alinitupia wewe kama mzigo, nami mjinga nikaubeba! Leo nautua!"

Wageni hawakuelewa lugha, lakini uso wa Yanet waliuelewa.

Akaongea taratibu.

"Si ulisema unakaa nyuma kabisa? Si ulisema nisigeuke kukuangalia, nitababaika?"

"Na kuhesabu je? Hukuhesabu?"

"Nimehesabu mara mbili. Wageni kumi na tisa. Walikuwa kumi na tisa."

"Na mimi?"

"Mwongozaji hahesabiwi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Edilberto, dereva wetu, akachungulia dirishani.

"Mama, hata mimi nilijua umelala kule nyuma. Si kiti cha mbele ulimwachia yeye?"

Jamani...

Kweli nilimfundisha hivyo. Miaka kumi na tisa nahesabu vichwa vya watu, changu hakimo. Hakuna aliyenisaliti! Nilisahaulika tu, na kanuni ya kunisahau niliitunga mwenyewe.

Nilitaka kumwomba msamaha. Mdomo ukagoma. Kiburi, ndugu zangu, kiburi! Yanet akanikabidhi maiki kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaondoka. Nilipofika nyumbani nguo zake hazipo.

Wiki tatu nikala peke yangu. Ukimya wa nyumba ile msiombe uwakute. Nilikuwa nawasha redio nioshe vyombo, sahani moja, kikombe kimoja, naizima nalala.

Juzi nikapata wageni waliotokea Puno, mji wa kando ya ziwa. Mama mmoja wa makamo akaniangalia, akaniangalia tena.

"Samahani, wewe ni Leonor?"

"Ndiye mimi."

"Kule ziwani tulitembezwa na binti anaitwa Yanet. Anajua kazi! Tukamuuliza kajifunzia wapi. Akasema kafundishwa na mama yake, mwongozaji wa Cusco, anaitwa Leonor. Akatuonyesha picha yako."

Mama yake...

Marehemu dada yangu alikuwa anauza mkate. Hajawahi kumwongoza mtalii hata siku moja.

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi za magofu, mbele ya familia nzima ya watu nisiowajua, nikalia.

Wapendwa, ukiwa na hasira na mtu wako, uliza kwanza, ndipo useme. Mimi nilisema kwanza. Jibu lilikuwepo, dogo kabisa, lingechukua dakika moja tu.

Nimempigia mara sita. Inaita tu.

Kwa hiyo kesho nimewaambia kazini siji, napanda basi la Puno. Sijui atanipokea au atanifungia mlango. Mtoto aliniita mama kwa wageni, nikiwa sipo. Nakwenda kuona kama naweza kulisikia neno hilo nikiwepo.