Jina la Marehemu Anselmi

Asubuhi ile Raya alipofika kazini, kompyuta yake ilimwonyesha kwamba fundi mkuu Anselmi ameshaingia chumba cha kukamulia, amewasha taa, na hajatoka.

Anselmi alikuwa kaburini tangu kabla ya mfungo.

Mwanzoni Raya hakushtuka sana. Kiwanda kile cha mafuta ya karanga na alizeti, chini ya Milima ya Uluguru, kilikuwa mali ya serikali mpaka kilipobinafsishwa, na mwekezaji akaja na mambo yake: milango ya kadi, mashine zinazoendeshwa kwa kompyuta, na laini za simu zilizounganisha kompyuta za kiwandani, za ofisi ya Morogoro Mjini na za ghala la Gairo. Raya ndiye aliyeulea mtandao huo. Humo kila mtu alipewa cheo, na kila cheo kilikuwa na mipaka yake. Mlinzi alifungua geti, stoo hakuigusa. Karani wa ghala aliona magunia, mishahara hakuiona. Na kile kinu kikubwa cha kukamulia, chenye parafujo ya chuma nene kama paja la mtu, aliyeruhusiwa kukizungusha kifuniko kikiwa wazi alikuwa mmoja tu, fundi mkuu.

Sasa fundi mkuu alikufa kwa malaria, na wa kushika nafasi yake hajaajiriwa. Mafundi wote wakawa wanaingia kwa jina lake na neno lake la siri. Kutwa nzima, zamu hadi zamu, jina la marehemu likawa linaitwa, na hakuna aliyeliitikia kwa kumwombea.

Lakini asubuhi ile zamu ilikuwa haijaingia na chumba kilikuwa kitupu, kwa hiyo Raya alimfuata meneja, Evance.

"Bosi, naomba nilifute jina la Anselmi. Leo limeingia lenyewe."

"Limeingia lenyewe!" Evance alicheka bila kuinua kichwa. "Ni hao vijana wa zamu. Ukilifuta, kinu nani atakifungua? Wewe?"

"Basi tumpe mtu mwingine cheo hicho, kwa jina lake mwenyewe."

"Mpaka mwekezaji akubali. Acha kama lilivyo, mama. Watu wanakula kupitia jina hilo."

Akaliacha. Lakini wiki hiyo chumba cha kukamulia kilianza kunuka. Haikuwa harufu ya karanga iliyoungua, ile walikuwa wameshaizoea. Hii ilikuwa ya damu, kama buchani wakati wa joto, na mume wake Nasibu, aliyekuwa fundi wa kinu hicho, alirudi nayo nyumbani Bigwa kwenye nguo hata akishazifua. Aliapa kwamba kinu kikizimwa husikia mtu anatafuna mle ndani.

Kisha Paulo mlinzi akafa.

Ilikuwa saa nane mchana, ukungu umeshuka mlimani na mvua inanyesha huku jua linawaka. Paulo alitoka kulielekeza lori la kutoka Gairo. Geti la chuma likaanza kujifunga akiwa katikati. Akalizuia kwa mikono akicheka, akidhani wenzake wanamtania, kisha akaacha kucheka, kwa sababu geti halikusimama, lilimbana kifuani kwenye nguzo, likarudi nyuma kidogo kama mtu anayevuta pumzi, likamrudia tena, na tena, mpaka mbavu zikasikika zikivunjika kama kuni kavu na damu ikamtoka puani na mdomoni ikachuruzika kwenye maji ya mvua. Walipomtoa hakuwa na kifua. Raya alikimbilia kompyuta yake. Geti lilikuwa limeamriwa na Anselmi, kwa cheo cha mlinzi, cheo ambacho Anselmi hakuwahi kupewa akiwa hai.

Raya hakungoja ruhusa. Alilifuta jina pale pale. Likatoweka. Akashusha pumzi. Kabla hajainuka kitini lilikuwa limerudi. Akaelewa: kompyuta zile tatu zilikuwa zikikumbushana, na alichokifuta hapa, Gairo ilikirudisha. Akapiga simu, wa Gairo akafuta, Mjini ikarudisha. Na kila liliporudi lilikuja na cheo kipya. Mlinzi. Karani. Mhasibu. Meneja.

"Nasibu," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini walipokuwa wameketi uani, "kule kuna kitu."

"Najua. Jana kimeniita. Kimetaja na jina la mama yangu."

Nasibu ndiye aliyemleta Bi Pili, mganga wa kupunga pepo wa huko juu milimani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Wafanyakazi walimwamkia shikamoo wakimpisha njia, na Evance alimfungulia mlango mwenyewe. Bi Pili alisimama mbele ya kinu, akavuta harufu, akatema mate.

"Anselmi amelala kwa Mungu, msimsingizie," alisema. "Huyu ni jini. Amekuta jina halina mwenyewe, nanyi mnaliita kila siku, akalivaa kama mtu anavyovaa kanzu iliyosahauliwa kambani. Ana milango mingapi?"

"Mitatu, bibi," Raya alijibu. "Hapa, Mjini na Gairo."

"Mkimtoa mmoja anaingilia mwingine. Mtamtoa kote kwa pamoja, mimi nikimshikilia hapa."

Wakapanga. Rehani, karani wa ghala, alikuwa Gairo, Laurenti wa ofisini yuko Mjini, wote wawili wameshika simu, na Raya mwenyewe yuko kwenye kompyuta ya kando ya kinu. Bi Pili akafukiza ubani, akaanza kusoma na kuimba, akizungusha chetezo kando ya kinu. Moshi haukupanda juu. Uliingia ndani ya kinu kama unaovutwa na pua.

"Futeni!" Raya alipaza sauti.

"Gairo tayari!" sauti ya Rehani ikajibu.

"Mjini tayari!"

Raya akabonyeza. Kioo kikamwandikia: HUNA RUHUSA. Akabonyeza tena. HUNA RUHUSA. Akatazama cheo chake, kile kikubwa kuliko vyote, cheo cha kuwapa na kuwanyang'anya wengine vyeo, akakuta si chake tena; kilikuwa cha Anselmi, na yeye Raya hakuwa hata mfagizi.

Hapo ndipo kifuniko cha kinu kilipofyatuka, kikagonga dari, na parafujo ikaanza kuzunguka tupu. Nasibu aliruka kuifikia swichi kubwa ya ukutani, lakini swichi ilimtupa kwa cheche za buluu, akajikwaa, akaanguka ubavu juu ya mdomo wa kinu, na chuma kikamkamata vidole vya mkono wa kulia. Akapiga yowe ambalo Raya hakujua kwamba mumewe analo. Parafujo ilizunguka taratibu, kwa raha, kama mtu anayemenya muwa, ikala kiganja, ikala kifundo, mifupa ikilia na damu ikishuka kwenye mfereji wa mafuta kuelekea kwenye pipa, na Raya alimkumbatia mumewe kiunoni akamvuta nyuma kwa nguvu zake zote, na kila alipovuta ndivyo kinu nacho kilivyovuta, mpaka akahisi anamchana mtu kati yake na chuma, akaacha kuvuta.

"Unataka nini?" Bi Pili aliuliza. Upole ulikuwa umemtoka. "Sema unachotaka umwachie!"

Kinu kikasimama. Ndani yake ikatoka sauti ya mtu aliyejaa chakula mdomoni.

"Mmenifungia huku na huku. Nitakaa wapi? Nipeni kiti."

Bi Pili alimgeukia Evance. "Kiti ni mtu, anataka mwili wa kukaa ndani yake. Wewe ndiye uliyemwachia jina."

Evance alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Mkojo ulikuwa unamchuruzika miguuni. "Nina watoto," alisema. "Bibi, nina watoto mimi."

Parafujo ikageuka kidogo. Nasibu hakuwa na sauti tena, alikuwa akifumbua na kufumba mdomo tu, macho yake kwa mkewe.

"Kaa kwangu," Raya alisema.

"Usiseme hivyo, mwanangu!" Bi Pili akapiga kelele. "Huyu ukimkaribisha hatoki!"

"Nimeshasema. Mwachie, uje ukae kwangu. Nakuruhusu."

Kinu kilizunguka kinyume kikamtapika Nasibu sakafuni, mkono umeishia kwenye kiwiko. Moshi wa ubani ukatoka ndani kwa mkupuo, mweusi, wenye uvundo, ukamfuata Raya usoni. Hakukimbia. Aliupokea amefumbua mdomo, akapiga magoti, akatapika mafuta na damu isiyokuwa yake, kisha akajifuta kwa upande wa kanga na kuanza kumfunga mumewe kidonda. Kwenye kompyuta jina la Anselmi halikuwepo. Halikuonekana tena, hapo wala kwingineko.

Wafanyakazi wakasema jini ametolewa, na mwekezaji akatuma fundi mkuu mpya. Ila Bi Pili alipanda kurudi kwake bila kupokea ujira wala soda.

Raya na Nasibu waliacha kazi. Wanaishi Bigwa, wanalima mchicha na migomba kidogo karibu na kijito, na jirani hawezi kukuambia neno baya juu yao. Ila Nasibu akirudi shambani, jembe begani kwa mkono uliobaki, hausukumi mlango wa nyumba yake mwenyewe. Husimama uani, hupiga hodi, husubiri. Akisikia, "Karibu, mume wangu," anaingia, wanakula, wanacheka kama wengine.

Lakini ziko siku anayejibu kutoka ndani ana sauti ya mtu aliyejaa chakula mdomoni, naye huuliza, "Nani?"

Na Nasibu hutaja jina lake, taratibu, lote mpaka la babu, kisha hukaa kwenye jiwe la uani kungoja aambiwe kama ameruhusiwa.